Usipande Kilima kwa Tumbo Lisilo na Posho



Mimi ni mmoja wa wahudumu wa afya wa jamii wanaopita nyumbani kwenu na utepe wa kupima mikono ya watoto. Leo sikuja kupima mtu. Nimekuja kutoa maoni yangu juu ya jambo moja linaloenea kati yetu, nami ni mmoja wa waliolieneza.

Jambo lenyewe ni hili. Baadhi yetu, hasa vijana, tunaacha posho, ndizi, mihogo, viazi na vyakula vyote vya wanga ili mwili upungue. Wakati huohuo tunakwenda kukimbia mbio ngumu za vilimani. Mimi nasema mambo haya mawili hayaanzwi pamoja. Na kwa mtu anayeishi kwa mgao wa chakula, au anayemeza dawa za sukari, yanaweza kumwangusha. Naomba unisome mpaka mwisho, halafu ukubali au ukatae.

Kwanza ieleweke kwamba sipingi mbio. Mbio ni nzuri kwa moyo, kwa shinikizo la damu na kwa mawazo mengi tuliyonayo. Tena mbio zimewapa wakimbizi jina. Mwaka 2016 huko Rio, Rose Nathike Lokonyen, aliyekulia kambi ya Kakuma nchini Kenya, alibeba bendera ya timu ya kwanza ya wakimbizi katika Michezo ya Olimpiki. Mwaka 2024 huko Paris, Perina Lokure Nakang, naye kutoka Kakuma, alikimbia mita 800. Kijana wa kambi akiamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia, tusimcheke. Tumuulize tu: jana usiku umekula nini?

Yaliyonipata Port Bell

Nilikwenda Kampala kumsindikiza mama yangu aliyepewa rufaa ya matibabu. Tulifikia kwa mjomba wangu, Port Bell. Kwa asiyepajua, Port Bell ni bandari ya Kampala kwenye Ziwa Victoria, upande wa Luzira. Ilipewa jina la Hesketh Bell, Mwingereza aliyetawala Uganda mwanzoni mwa karne iliyopita. Kabla reli haijafika Kampala moja kwa moja mwaka 1931, mizigo mingi ilivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu na kushushwa hapo. Mpaka leo pana gati, pana mitumbwi, pana harufu ya samaki, na wapo wanaume wanaopata riziki kwa kubeba mizigo. Mjomba wangu ni mmoja wao.

Nilikuwa nimezoea kukimbia huku kambini, kwa hiyo haikuchukua muda nikafahamiana na vijana wa mtaa wanaokimbia asubuhi. Walikuwa wanapanga mbio za Jumapili: kuanzia karibu na gati, kupita Luzira kwa vichochoro na njia za vumbi, kupanda kilima cha Mutungo, na kurudi kwa njia nyingine yenye mawe na makorongo ya mvua. Walikadiria kilomita 12. Mmoja wao akanionyesha kwenye simu mafundisho ya mtu wa ng'ambo: acha wanga kabisa, kula mayai, samaki, nyama, parachichi na mboga, mwili utachoma mafuta yake wenyewe na utakimbia bila kuchoka. Nikapenda. Nilibakiwa na siku tisa kabla ya Jumapili hiyo. Nikaanza siku ileile.

Asubuhi mjomba alikuwa akila katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, kabla ya kwenda gatini. Mimi nilikula yai moja na kabichi, mchana dagaa bila posho. Akaniangalia siku ya pili, akaniambia, "Mwanangu, sisi hapa hatubebi gunia kabla ya katogo. Wewe unataka kubeba kilima na yai?" Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya zamani. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilidhani ni methali tu.

Siku ya tatu kichwa kiliniuma na miguu ikawa mizito. Siku ya sita nikapima uzito dukani, nikakuta nimepungua kilo 2. Nilifurahi mno. Nikapiga simu nyumbani hapa kambini nikajisifu. Simu ilikuwa imewekwa sauti ya wote, na majirani walikuwa wamekaa wanasikiliza. Nikasema maneno haya: "Posho ndiyo inayotuharibu. Acheni posho mtaona." Kumbuka maneno hayo, ndugu msomaji, maana nitayarudia chini.

Jumapili ilipofika tulianza vizuri. Kwenye tambarare nilikwenda sawa na wenzangu. Tulipoanza kupanda Mutungo, miguu ikakataa. Si kwamba iliuma. Ilikuwa kama imekatiwa umeme. Nikaanza kuhema kuliko wote, jasho likawa la baridi, macho yakaona giza pembeni. Nikakaa chini kando ya njia. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mandazi akanipa chai ya sukari na andazi, wala hakuniuliza pesa. Baada ya kama robo saa nikapata nguvu ya kusimama. Kwa aibu nikajaribu kuwafuata wenzangu kwenye mteremko. Mguu ukakanyaga jiwe vibaya, kifundo kikateguka. Nilirudi kwa mjomba juu ya boda-boda. Hakusema kitu. Aliniwekea sahani ya posho na maharage, akatoka.

Kwa nini kilima kinadai wanga

Baadaye niliuliza wauguzi na kusoma, ili nielewe kilichonipata. Nakueleza kwa ufupi.

Wanga tunaokula hugeuka sukari, na sehemu yake huwekwa akiba kwenye misuli na kwenye ini. Akiba hiyo si kubwa. Kwa mtu mzima ni karibu gramu 500 tu. Na kila gramu moja huhifadhiwa pamoja na kama gramu 3 za maji. Sasa piga hesabu: akiba ikiisha, gramu 500 zimeondoka na maji kilo moja na nusu yameondoka nayo. Jumla kilo 2. Zile kilo 2 nilizojisifia kwenye simu, kwa sehemu kubwa hazikuwa mafuta. Zilikuwa akiba ya safari na maji yake. Nilikuwa kama dereva anayefurahi kwamba gari limekuwa jepesi, kumbe tangi limekauka.

Ni kweli mwili unaweza kuchoma mafuta badala ya sukari. Lakini kuna mambo mawili ambayo yule mtu wa kwenye simu hakuyasema. La kwanza, mwili huhitaji wiki kadhaa kuzoea, si siku tisa. La pili, kupata nguvu ileile kutoka kwenye mafuta kunahitaji hewa zaidi ya oksijeni kuliko kuipata kwenye sukari. Ukitembea polepole huoni tofauti, maana pumzi inatosha. Lakini kwenye kilima pumzi ndiyo inayoadimika. Ndiyo maana nilihema kuliko wenzangu wote ambao asubuhi ile walikunywa chai na chapati.

Haya yamepimwa. Mwaka 2017 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya uchunguzi wao kwa wanamichezo wa mbio za kutembea. Waliokula wanga kidogo sana na mafuta mengi kwa wiki tatu walichoma mafuta mengi kweli, lakini walitumia oksijeni zaidi kwa mwendo uleule. Mazoezi yale hayakuwaongezea kasi katika mashindano, wakati wenzao waliokula wanga waliongeza kasi.

Na hapa jirani, mwaka 2004 ulitolewa uchunguzi juu ya chakula cha wakimbiaji wakubwa wa Kenya. Ilionekana kwamba zaidi ya robo tatu ya nguvu waliyokula ilitoka kwenye wanga. Ugali ndio ulioongoza, na sukari ya kwenye chai nayo haikuwa ndogo. Hawa ndio watu ambao dunia nzima inawafukuza bila kuwakamata.

Uganda nayo ina mabingwa wake. Stephen Kiprotich alileta dhahabu ya marathoni kutoka London mwaka 2012, dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi hii tangu John Akii-Bua mwaka 1972. Victor Kiplangat alishinda ubingwa wa dunia wa mbio za milimani huko Premana, Italia, mwaka 2017, kisha ubingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2023. Joshua Cheptegei alichukua dhahabu ya mita 10,000 huko Paris mwaka 2024. Hao wamekulia katika nchi ya posho na ndizi. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba posho ni chakula cha watu wasiojua, mwambie aje kwanza ashindane na waliokulia kwenye posho.

Hesabu ya mgao

Sasa turudi kambini, maana hapa ndipo ninapotaka tufikiri sana.

Mtu akikimbia hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili wake kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 60 akikimbia kilomita 12 kwenye tambarare anatumia karibu kalori 720. Kwenye vilima ni zaidi. Hizo kalori 720 ni sawa na kama gramu 200 za unga wa mahindi.

Mgao kamili hukusudiwa kumpa mtu kalori 2,100 kwa siku. Lakini sote tunajua yaliyotokea. Mwaka 2020 mgao ulikatwa kwa asilimia 30. Mwaka 2023 tukagawanywa katika makundi kwa kadiri ya uhitaji. Mwezi wa Mei 2025 karibu wakimbizi milioni moja nchini Uganda wakaondolewa kabisa kwenye mgao. Tuseme familia inapata asilimia 60 na haina shamba wala kazi. Kila mtu ana kalori 1,260. Ukiondoa 720 za mbio, zinabaki 540 za kuishi siku nzima: kuteka maji, kulima, kusoma na kufikiri.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, yule mtu wa ng'ambo anapunguza wanga kwa sababu anao mwingi. Friji lake limejaa, na akiacha mkate anakula nyama. Sisi tukiacha posho tunabaki na nini? Mayai na parachichi vinauzwa, havigawiwi. Wengi wetu tayari tumepunguziwa wanga bila kuulizwa. Tusiite njaa kwa jina la lishe.

Maneno yangu yalipofika mbali

Niliporudi kambini na kifundo kilichovimba, nilikuta habari iliyoniuma kuliko mguu.

Jirani yetu mmoja, mama mwenye ugonjwa wa sukari, alikuwa kwenye kile kikundi kilichosikia simu yangu. Aliposikia kwamba posho ndiyo inayotuharibu, aliiacha. Hilo peke yake lingeweza kuongelewa, kwa sababu mgonjwa wa sukari anahitaji kupimiwa wanga wake. Lakini aliendelea kumeza vidonge vyake vilevile vya kushusha sukari. Siku ya tatu akapanda kilima kutafuta kuni, tumbo likiwa na mboga tu. Watoto wakamkuta amekaa chini ya mti, ametota jasho, anatetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka. Wapo waliosema ni mapepo. Kwa bahati mwenzangu wa kazi alikuwa karibu. Alimpa maji ya sukari angali anaweza kumeza, wakampeleka kituo cha afya, wakamweka chini ya uangalizi mpaka kesho yake. Leo ni mzima.

Nilikwenda kumwomba radhi. Akaniambia, "Mwanangu, nilikusikiliza kwa sababu wewe ndiye unayetufundisha." Sikuwa na jibu. Ndiyo maana ninaandika.

Ninayoshauri

1. Usianze mambo mawili kwa pamoja. Ukitaka mbio, kula. Ukitaka kupunguza wanga, basi kwa wiki za mwanzo tembea tu, tena kwenye tambarare.

2. Usiku wa kabla ya mbio ndefu kula posho na maharage, au ndizi, au mihogo, kadiri ulivyojaliwa. Asubuhi, saa moja au mbili kabla, kunywa uji wenye sukari au kula kiazi kitamu kimoja. Mbio zikizidi saa moja, chukua ndizi mbivu au kipande cha sukari guru mfukoni, na maji.

3. Ikiwa jana hukula vya kutosha, leo usikimbie kilima. Hilo si woga. Ni hesabu.

4. Ukitaka kupunguza mwili, anza na soda, na vijiko vitatu vya sukari kwenye kila kikombe cha chai, na maandazi ya kila saa. Posho ya chakula cha mchana iwe ya mwisho kuguswa.

5. Mjamzito, mama anayenyonyesha, mtoto anayekua, na mtu aliye kwenye dawa za kifua kikuu au za kupunguza makali ya virusi, asiache wanga kwa maneno ya simu wala ya jirani.

6. Mgonjwa wa sukari asibadilishe chakula kabla ya kuongea na mhudumu wa kituo, kwa sababu huenda dawa nazo zikahitaji kubadilishwa. Ni kweli kwamba kupunguza wanga kunaweza kumsaidia, lakini kwa kupimwa. Dalili za sukari kushuka ni jasho baridi, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Ukimkuta hivyo na anaweza kumeza, mpe vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari kwenye maji. Baada ya dakika 15 kama hajapata nafuu, rudia. Kisha mpe chakula na umpeleke kituo hata akisema amepona, kwa kuwa vidonge vingine huishusha sukari tena baada ya saa kadhaa. Aliyezimia usimtie kitu chochote mdomoni. Mlaze kwa ubavu na mkimbize kituoni.

Nina pia ombi kwa wanaoandaa mashindano ya vijana hapa kambini. Mnaleta mpira, mnaleta jezi, mnaleta kipaza sauti. Leteni na sufuria ya uji. Kikombe kimoja cha uji kwa kila mkimbiaji kabla ya kuanza, na mbio zianze mapema kabla jua halijapanda. Kama hakuna uji, fupisheni njia na mkiache kilima. Msimwambie mtoto aliyelala njaa akimbie kilomita 10 ili apate fulana.

Na kwa sisi wenye nafasi hata ya hatua chache nyuma ya nyumba, tupande viazi vitamu, hasa vile vya rangi ya chungwa. Vinatoa wanga, na vinatoa vitamini A kwa macho ya watoto. Havingoji siku ya mgao.

Najua wapo watakaosema kwamba fulani aliacha wanga akapona kitambi, na sasa anakimbia vizuri. Inawezekana. Huenda alikwenda polepole, alikuwa na cha kula badala yake, na hakumeza dawa. Mwulize hayo matatu kabla ya kumfuata.

Kifundo changu kimepona. Nimeanza tena kukimbia, asubuhi, kwenye njia ya kuelekea ziwani. Nikipita kwa yule mama, yeye ndiye anayeniuliza siku hizi, "Umekula?" Nisipojibu vizuri ananirudisha.

Tujali afya zetu, na tuangaliane.

Ni mimi,
Mhudumu wa afya wa jamii, Nakivale